Jinsi ya Kuchagua Bunduki Nyepesi ya Kuwinda Kulungu Milimani: Mwongozo Kamili

Katika jimbo la Colorado, kulungu wa aina ya mule deer, wakubwa wa mwili na wenye masikio mapana, wanaishi kuanzia mabonde yenye vichaka mpaka juu kabisa ambako miti haioti tena, mita 3,500 na zaidi. Msimu wa bunduki ukifika mwishoni mwa Oktoba, theluji inaweza kuwa imeshaanguka, hewa ni haba, na mwindaji anapanda na kushuka tangu alfajiri akiwa na maji, chakula, nguo za baridi, visu na begi la kubebea nyama. Huko kila gramu mia ya bunduki inajulikana begani.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tumekuwa wengi kwenye majimbo haya ya milima. Tuko Denver na Aurora, Boise, Salt Lake City, Missoula. Wengine tulikulia kwenye familia za wawindaji huko Kongo au Tanzania, wengine hatukuwahi kushika bunduki kabla ya kufika hapa. Kila mwaka swali ni lilelile: ninunue bunduki gani?

Jibu langu ni hili. Tafuta bunduki ya bolti, yaani ile ambayo unaikoki kwa mkono baada ya kila risasi, ambayo ikiwa tayari kwa kazi, na darubini yake, mkanda na risasi, ina uzito wa kilo 3.2 hadi 3.6. Iwe ya kaliba (aina ya risasi na kipenyo chake) yenye teke la wastani, yaani isiyokusukuma sana begani unapofyatua. Ukishuka chini ya hapo unalipa pesa nyingi kwa silaha ambayo ni ngumu kuituliza mkononi, na kulungu ndiye atakayeumia kwa sababu hiyo. Mengine yote humu yanafuata kutoka kwenye jibu hilo.

Hatua ya 1: Sheria kabla ya duka

Anza na idara ya wanyamapori ya jimbo lako. Kwa Colorado ni Colorado Parks and Wildlife. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye lazima apitie kozi ya usalama wa uwindaji ndipo apewe leseni. Leseni za kulungu kwa bunduki hutolewa kwa bahati nasibu, na maombi hufungwa mwanzoni mwa Aprili. Anayeanza kufikiria uwindaji mwezi wa Septemba hubaki kutafuta leseni zilizosalia.

Sheria ya jimbo hilo inagusa bunduki yenyewe pia. Kaliba isiwe chini ya milimita 6, mtutu usipungue inchi 16, kichwa cha risasi kiwe cha kutanuka na kisiwe chepesi kuliko greni 70 (gramu 4.5 hivi) kwa kulungu, na kikifika yadi 100 (mita 91 hivi) kiwe bado na nguvu ya futi-ratili 1,000, kipimo cha nguvu ya risasi inapogonga. Kaliba zote nitakazozitaja hapa chini zinatimiza masharti hayo. Utavaa pia rangi ya chungwa au ya waridi inayong'aa, inchi 500 za mraba juu ya kiuno, pamoja na kofia.

Kuhusu kununua: ukienda kwa muuzaji mwenye leseni utajaza fomu 4473 ya serikali ya shirikisho, kisha rekodi zako zinakaguliwa. Colorado inaongeza siku tatu za kusubiri, na mnunuzi awe ametimiza miaka 21. Hata ukinunua kwa mtu binafsi, jimbo hilo linawataka mpite kwa muuzaji mwenye leseni ili ukaguzi ufanyike.

Hapa naomba wahamiaji wenzangu wasome polepole. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, na mkimbizi aliyepokelewa rasmi, sheria ya shirikisho haimzuii kwa sababu ya hadhi hiyo. Aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya utalii kwa mfano, amekatazwa kumiliki silaha isipokuwa ana msamaha maalumu, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji. Na fomu ile inauliza kuhusu matumizi ya bangi, na inaeleza wazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi sheria ya shirikisho. Jibu la uongo kwenye fomu ni kosa kubwa la jinai, na kwa mhamiaji linaweza kumaliza kila kitu. Kama hadhi yako ina utata, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kumuona muuzaji wa bunduki.

Hatua ya 2: Kaliba

Hapa ndipo watu wengi wanaponunua nguvu wasiyoihitaji. Kulungu dume wa milimani ana kilo 70 hadi 120 hivi, na eneo la moyo na mapafu lina upana wa sentimita 20 na kidogo. Kichwa cha risasi cha wastani kikipita hapo, mnyama haendi mbali. Kaliba kubwa ikipita tumboni, mnyama anapotea na anateseka.

Historia ya Afrika Mashariki ina mfano wake. Walter Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, alitumia sana 7x57, risasi ndogo ya kijeshi ya mwaka 1892, wakati wenzake walibeba bunduki nzito za kaliba kubwa. Simtaji ili kumsifu kwa tembo aliowamaliza, na leo sheria nyingi haziruhusu kaliba ile kwa tembo. Namtaja kwa sababu aliijua anatomia ya mnyama, na bunduki yake haikumtisha alipovuta triga.

Teke la bunduki linafuata fizikia ya kawaida: risasi ileile ikifyatuliwa kwenye bunduki ya kilo 3 badala ya kilo 4.5, nguvu ya teke inaongezeka kwa nusu nzima. Ndiyo maana kaliba ambayo ni ya raha kwenye bunduki nzito inaweza kukufanya ufumbe macho kwenye bunduki ya mlimani. Ukiweka .300 Winchester Magnum na 6.5 Creedmoor kwenye bunduki za uzito mmoja, ya kwanza itakupiga zaidi ya mara mbili ya ya pili.

Kwa bunduki nyepesi mimi nachagua kati ya nne. 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kampuni ya risasi ya Hornady mwaka 2007, ina teke dogo, inakwenda mbali bila kusukumwa sana na upepo, na risasi zake zipo karibu kila duka. 7mm-08 Remington ya mwaka 1980 inafanya kazi ile ile ya 7x57 ya Bell ndani ya bolti fupi, yaani bunduki ambayo sehemu yake ya kukoki ni fupi. Ndiyo niipendayo kwa kulungu, ingawa risasi zake hazipatikani kila kona. .308 Winchester ya mwaka 1952 ina teke zaidi kidogo, lakini utapata risasi zake hata kwenye kituo cha mafuta cha mji mdogo. Ya nne ni .270 Winchester ya mwaka 1925, ambayo Jack O'Connor, mwandishi wa uwindaji aliyeishi Lewiston, Idaho, aliitetea miaka mingi kama kaliba ya milima. Inahitaji bolti ndefu kidogo, kwa hiyo gramu zinaongezeka, lakini risasi yake inakwenda karibu mita 930 kwa sekunde na haishuki sana.

.243 Winchester nayo inafaa, hasa kwa kijana au mtu mwembamba, mradi achague kichwa cha greni 90 hadi 100 na asipige mbali.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya uzito wote

Tangazo litakuambia bunduki ina kilo 2.3. Hiyo ni bunduki tupu. Chukua mfano wa Tikka T3x Lite, inayotengenezwa Riihimäki, Finland: yenyewe ni kilo 2.8 hivi. Ongeza darubini ya gramu 370, ringi na msingi vya kuishikilia gramu 110, mkanda gramu 110, na risasi tano gramu 110. Jumla kilo 3.5. Huo ndio uzito utakaopanda nao.

Sasa badilisha darubini tu, uweke zile kubwa za kulengea shabaha za mbali sana, zenye lenzi ya milimita 56. Nyingi zinakaribia kilo nzima. Kwa uamuzi mmoja umepoteza faida yote uliyoilipia kwenye bunduki, na uzito wenyewe umekaa juu, kwa hiyo bunduki inataka kupinduka mkononi.

Upande wa pili wa hesabu ni utulivu. Ukifika juu ya mteremko mkali mapigo ya moyo yanaingia mpaka kwenye kitako, na msalaba wa darubini unaruka kila moyo unapopiga. Bunduki ya kilo 4 inameza sehemu ya mtikisiko huo kwa uzito wake. Ya kilo 2.5 inaupokea wote. Mtu mwenye mazoezi mengi anaweza kuimudu. Anayeanza, au anayekwenda uwanja wa shabaha mara mbili kwa mwaka, abaki kwenye kilo 3.5 kamili na asione haya.

Kwa majina: Ruger American ndiyo ya bei nafuu inayopiga sawasawa. Tikka T3x Lite ndiyo ningemshauri mtu yeyote aanze nayo, kwa bei ya dola 800 hadi 1,000 hivi. Ukitaka wepesi zaidi kuna Kimber Hunter, kilo 2.5, na Kimber Mountain Ascent, kilo 2.2, ambayo hupita dola 2,000. Winchester 70 Featherweight, iliyotoka mwaka 1952, bado inatengenezwa, ina kitako cha mti wa walnut na inapendeza sana kuishika, ila mti unahitaji kutunzwa kwenye unyevu. Tofauti ya dola 1,000 kati ya bunduki ya kati na ya juu inanunua risasi za mazoezi za miaka kadhaa pamoja na viatu vizuri vya mlimani. Fikiria hapo kabla ya kutoa kadi.

Hatua ya 4: Kagua sehemu moja moja

Mtutu wa inchi 20 hadi 22 unatosha. Kila inchi unayopunguza inakugharimu takriban mita 6 hadi 9 kwa sekunde za mwendo, hasara ambayo kulungu wa yadi 250 hataitambua. Mtutu wa bunduki nyepesi ni mwembamba, unapata joto haraka, na risasi ya nne au ya tano inaweza kuhama. Usiilaumu bunduki kwa hilo. Risasi ya kwanza, mtutu ukiwa baridi, ndiyo ya kuwindia.

Kitako cha nyuzi za kaboni au faibaglasi hakipindi kwa mvua wala theluji. Vya plastiki vya bei nafuu navyo havipindi kwa unyevu, lakini vingine ni laini sehemu ya mbele, na ukiegemeza vibaya vinagusa mtutu. Jaribu hivi: chukua kipande cha karatasi, kipitishe kati ya mtutu na kitako kuanzia mbele hadi karibu na chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Kisha egemeza sehemu ya mbele kwenye kitu, bonyeza kidogo, na upitishe tena. Karatasi ikikwama, mtutu unaguswa, na risasi zako zitahama kulingana na ulivyoegemea.

Bolti iteleze bila kukwaruza. Kizuizi cha usalama kiwe mahali ambapo kidole gumba kinafika bila kuhamisha mkono, na kisitoe mlio mkubwa. Napenda kile cha hatua tatu cha Winchester 70, kwa sababu hatua ya katikati inakuruhusu kutoa risasi chembani huku pini inayogonga risasi ikiwa imefungwa. Triga ivutike kwa kilo 1.2 hadi 1.6. Nyepesi kuliko hapo ni hatari kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi ndani ya glovu. Magazini inayochomoka ni rahisi kuitoa na kuipakia, lakini hakikisha haichomoki yenyewe ikibanwa na mkanda wa begi.

Kuhusu rangi na chuma: chuma kisichoshika kutu, au chenye mipako, kwa sababu ya theluji. Basi.

Hatua ya 5: Ishike dukani

Nenda na koti lako la baridi hata kama ni Julai. Omba ruhusa, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, elekeza mdomo wa mtutu upande salama. Chagua alama ukutani, fumba macho, inua bunduki mpaka begani, laza shavu. Fumbua macho. Kama darubini ipo, uone duara zima lenye mwanga bila kusogeza kichwa. Ukilazimika kuinua shingo, sehemu ya kitako unapolaza shavu iko chini mno au darubini iko juu mno. Ukilazimika kunyoosha shingo mbele, kitako ni kirefu kwako, na kwa koti nene kitakuwa kirefu zaidi. Bunduki nyingi zina urefu wa sentimita 35 kutoka triga hadi mwisho wa kitako, kipimo ambacho wanawake wengi na watu wafupi hawakiwezi. Kuna modeli zenye kitako kifupi, na vingine hupunguzwa kwa fundi. Ukiwa mashoto, dai bunduki ya mashoto. Tikka hutengeneza kadhaa.

Rudia zoezi hilo umekaa chini, magoti yamekunjwa. Mlimani utapiga umekaa au umelala juu ya begi, mara chache sana umesimama.

Hatua ya 6: Darubini

3-9x40 nyepesi (inayokuza mara 3 hadi 9, yenye lenzi ya milimita 40), au 2.5-8x36, inatosha kulungu wote utakaopaswa kuwapiga. Angalia umbali wa jicho kutoka kwenye lenzi: uwe sentimita 9 au zaidi, maana ukipiga kuelekea juu mlimani darubini inasogea karibu na uso, na bunduki nyepesi ina teke la kutosha kukupasua nyusi. Fungia skrubu zake kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha mtengenezaji. Zilizokazwa kwa kukisia ndizo chanzo cha lawama nyingi wanazotupiwa watengeneza bunduki.

Hatua ya 7: Ziro na mazoezi

Anza yadi 25, halafu 100, halafu weka ziro ya yadi 200, yaani rekebisha darubini ili risasi ipige palepale unapolenga kwa umbali huo. Kwa 6.5 Creedmoor au .270, risasi itapanda sentimita tano hivi njiani, na kwenye yadi 300 itakuwa imeshuka sentimita 17 hadi 20. Piga tatu, acha bolti wazi, subiri mtutu upoe kabisa, piga tatu tena. Kundi la matundu hayo matatu likiwa la sentimita 4 kwenye yadi 100 linatosha kuwindia. Anayedai kwamba ni lazima liwe la sentimita 2 anaongea habari za meza ya kupigia shabaha.

Kisha ondoka mezani. Weka begi lako la safari chini, lala, egemeza bunduki, piga sahani ya chuma ya sentimita 20. Kimbia, urudi na pumzi juu, ukae na kupiga tena. Umbali ambao unaipiga sahani kila mara kwa risasi ya kwanza ndio mpaka wako. Kwa watu wengi ni kati ya yadi 150 na 250, na mpaka huo uheshimiwe hata kulungu mkubwa akisimama yadi 400.

Usisahau vizibo vya masikio. Breki ya mdomo wa mtutu, kifaa cha kuelekeza gesi pembeni, inapunguza teke, lakini kelele yake inaharibu masikio ya mpigaji na ya mwenzake. Kwa kaliba nilizozitaja huihitaji.

Hatua ya 8: Ukifika mlimani

Jaribu ziro tena mahali panaporuhusiwa, baada ya safari ya gari na kabla ya kuanza kuwinda. Hewa ya mita 3,000 ina uzito wa takriban robo tatu tu ya ile ya pwani, kwa hiyo risasi inashuka pungufu kidogo. Kwa umbali wa kawaida haina shida. Pembe ya mteremko ndiyo yenye shida. Upige kuelekea juu au kuelekea chini, risasi itafika juu ya pale ulipotarajia, kwa sababu mvuto wa ardhi unahesabika kwa umbali wa ulalo. Kulungu aliye yadi 300 kwenye pembe ya nyuzi 30 unampiga kama aliye yadi 260. Vipima umbali vingi vya siku hizi hufanya hesabu hiyo vyenyewe.

Panda na chemba tupu. Ingiza risasi ukishamwona mnyama na umekaa. Huko Colorado, kwenye gari hairuhusiwi kabisa kuwa na risasi chembani. Bandika kipande cha utepe wa umeme kwenye mdomo wa mtutu kuzuia theluji. Hewa inayotangulia risasi inakitoa, na risasi haihami. Futa mafuta mazito ndani ya bolti, kwa kuwa yakiganda pini inagonga kwa ulegevu na risasi hailipuki.

Usiku, usiingize bunduki baridi ndani ya hema lenye jiko. Unyevu unatanda kwenye lenzi na ndani ya bolti, na ukitoka nayo alfajiri unakuwa barafu. Iache kwenye ubaridi ndani ya mfuko wake, magazini imetolewa, chemba tupu, na kama kambini kuna watoto chomoa bolti ulale nayo.